Kozi ndefu ya mtandaoni au masomo mafupi kwenye simu: ipi inamkinga kweli mtu wa usafi?

Novemba 2019, Massachusetts huko Marekani, jikoni kwenye mgahawa mmoja, mfanyakazi alimwaga dawa ya asidi sakafuni kwa bahati mbaya. Baadaye kidogo mwenzake ambaye hakuwa na habari yoyote akaja kusafisha sakafu ileile kama kawaida na dawa ya klorini. Sakafu ikageuka kijani ikaanza kutoa mapovu. Yule wa pili akakimbilia nje macho yanamuuma na pumzi inakata, meneja akaingia kujaribu kuyasukuma yale maji nje kwa kifagio cha mpira, akaivuta ile hewa, na siku hiyohiyo akafariki. Wengine kadhaa wakaishia hospitali.

Mi hii stori ndo mizani yangu kila nikiulizwa njia ipi ya kidijitali inafaa kufundishia usalama watu wa usafi. Siulizi kwanza bei wala apu gani ina muonekano mzuri, nauliza hivi: yule wa pili angekuwa kafundishwa kwa njia ipi ndo mkono wake ungesita kabla ya kumimina? Na meneja angekuwa kafundishwa kwa njia ipi ndo miguu yake ingegeuka kutoka nje na kuwaita watu wote watoke, badala ya kuingia? Ni sekunde chache tu, na ukiangalia ajali nyingi za usafi ndo zilivyo, hakuna muda wa kufungua kitabu.

Nimefanya usafi miaka kadhaa kabla ya kuwa supavaiza, na nimekaa kwenye mafunzo ya kila aina, ya ukumbini, ya kompyuta, ya grupu la simu. Ninalinganisha mbili kubwa ambazo ndo watu wengi wanapewa kuchagua. Ya kwanza ni kozi kamili ya mtandaoni, ile yenye moduli, mtihani na cheti, iliyowekwa kwenye jukwaa kama Moodle au mfano wake. Ya pili ni masomo mafupi mafupi yanayokuja kwenye simu, vidio ya dakika mbili, voisi, swali moja la asubuhi, au kodi ya QR uliyobandika kwenye mlango wa stoo mtu anaskani anaona. Zingine nitazigusa mbele kwa haraka.

Nianze na kozi ndefu maana wengi siku hizi wanaisema vibaya na mi naona hawaitendei haki.

Kuna mambo ya kazi yetu huwezi kuyameza kwa dakika mbili. Chukua suala la kuchanganya dawa na maji. Una klorini yenye nguvu ya asilimia 5, unataka maji ya asilimia 0.5 ya kufutia mahali damu ilipomwagika, hapo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Unataka asilimia 0.1 kwa vitasa na meza zinazoshikwashikwa, ni sehemu 1 kwa 49. Haya, mwezi ujao mnunuzi analeta dawa nyingine ya asilimia 3.5, chupa inafanana kabisa, rangi ileile, na ile asilimia 0.5 yako sasa ni sehemu 1 kwa 6. Mtu aliyekariri "kifuniko kimoja kwa ndoo" tayari kapotea. Ama dawa inakuwa hafifu haiui kitu, ama dawa mpya ikija kali zaidi ya ile ya kwanza basi anaunguza mikono na mapafu yake. Hesabu hii inataka mtu akae, ajaribu, akosee, ajaribu tena na namba nyingine, na hapo kompyuta haina mpinzani kwa sababu inampa mifano ishirini bila kuchoka wala kumcheka.

Na lebo pia. Kuna mfumo wa Umoja wa Mataifa wa alama za kemikali uliotoka mwaka 2003, una alama 9, kila moja ndani ya mraba uliosimama kwa pembe wenye kingo nyekundu: fuvu, moto, mkono unaoliwa na tone, mtu mwenye nyota kifuani na kadhalika. Ile ya mtu mwenye nyota kifuani watu wengi wa usafi hawaijui, wakati ndo inayowahusu sana maana pamoja na mengine inaweza kumaanisha dawa inayosababisha pumu ukiivuta mara kwa mara. Alafu kila kemikali ya kazini inatakiwa iwe na karatasi yake ya usalama yenye vipengele 16, na sio lazima uvijue vyote, ila cha 4 kinakwambia huduma ya kwanza, cha 8 kinakwambia uvae nini, cha 10 kinakwambia isikutane na nini. Kipengele cha 10! Kile ndo kingewaambia wale wa mgahawa. Kumfundisha mtu kuipata na kuisoma hiyo karatasi ni somo la saa nzima, na linataka mpangilio, moja baada ya lingine, kitu ambacho masomo ya kudonyoadonyoa hayana.

Kozi ina faida nyingine ambayo haimfurahishi mfanyakazi ila inamlinda, nayo ni kumbukumbu. Nani kasoma, lini, alikosea wapi. Siku mtu akiumia na mwajiri akasema "alifundishwa huyu", kumbukumbu inaonyesha kama kweli, na kama moduli ya damu na sindano hakuiona kabisa basi inajulikana. Inakata pande zote mbili.

Sasa ubaya wake. Nimewahi kufanya kazi sehemu moja, siitaji, tulipewa kozi ya moduli kumi na kitu kwa lugha ambayo zaidi ya nusu yetu tulikuwa tunaikisia tu, ukihitaji barua pepe na paswedi, na muda wa kuisoma ulikuwa "ukifika nyumbani". Kilichotokea ni kwamba kijana mmoja anayejua kompyuta aliifanya kwa niaba ya shifti nzima, usiku mmoja, bonyeza bonyeza mbele mbele mpaka vyeti vikatoka. Kwenye faili la ofisi tulikuwa asilimia mia. Mama mmoja kati yetu, mtu mzima anayeijua kazi kuliko sisi wote, bado alikuwa anaamini ukichanganya dawa ya choo, ambayo mara nyingi ni ya asidi, na ya klorini inang'arisha zaidi, na cheti chake kilikuwa kimeshaprintiwa. Sijawahi kusahau. Hakuna aliyekuwa mvivu pale, kozi ndo iliwekwa mahali ambapo haiwafikii wenye hatari.

Jambo la pili ni kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunachojifunza kinaporomoka haraka sana siku za mwanzo, alafu kuporomoka kunapungua kasi, na kwamba ukirudia kwa kuachanisha siku kinakaa zaidi kuliko ukirudia kwa mkupuo. Kozi ya mara moja kwa mwaka ni mkupuo. Mtu anamaliza Januari, chupa zinakutana Septemba.

Na kitu cha tatu, huwezi kuiuliza. Marekani walilitambua hili kitambo, ile kanuni yao ya mwaka 1991 ya kuwakinga wafanyakazi na maambukizi ya kwenye damu inataka mafunzo yawe na nafasi ya kuuliza na kujibiwa na mtu anayefundisha. Vidio peke yake haitoshi. Mi naona hata kama sheria ya kwenu haisemi hivo, chukueni hilo, maana maswali ya watu wa usafi ni ya kweli na hayamo kwenye moduli: "nikikuta sindano kwenye sinki nitumie nini kuishika?", "huyu mgonjwa kanitapikia kwenye kiatu nikivue wapi?", "glavu zimeisha toka jana, nifanyeje?"

Hilo la glavu kuisha hakuna kozi inayolijibu, kwakweli.

Tuje kwenye masomo mafupi ya kwenye simu. Nguvu yake kubwa ni kwamba yanafika mahali pa kazi, saa ya kazi. Saa 12 asubuhi kabla ya kuchukua ndoo, inaingia voisi ya supavaiza ya sekunde 40: "Leo tunaosha vyoo vya ghorofa ya pili. Ukishamimina dawa ya choo, usije ukafuatisha klorini juu yake. Suuza kwanza kwa maji mengi, fungua dirisha. Kwenye mkojo mwingi pia suuza kwa maji kabla ya klorini." Lugha ni ya kwetu, sauti ni ya mtu unayemjua, na asiyesoma vizuri haachwi nyuma. Hili la mwisho ni kubwa kuliko watu wa ofisini wanavyodhani, wapo wasafishaji hodari ambao kusoma ni shida na hawatakwambia kamwe, wataitikia tu "nimeona supavaiza".

Kitu kingine ni swali. Kumuuliza mtu kabla ya kumwambia jibu kunasaidia kuliko kumwambia tena na tena, wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006 kwa wanafunzi, kwamba wanaojipima kumbukumbu wanakumbuka zaidi baada ya siku kadhaa kuliko wanaorudia kusoma. Kwahiyo swali moja kwa siku, "dawa imekurukia jichoni, unaosha kwa dakika ngapi?", watu wanajibu, mmoja anasema mbili mwingine tano, alafu mchana unawapa jibu: angalau 15, maji safi yanayotiririka, kope ukizishikilia wazi, lenzi kama unavaa unazitoa. Wakishabishana hivo hawasahau. Baada ya wiki tatu unaliuliza tena bila kuwatahadharisha.

Alafu unaweza kurekodi vidio kwenye stoo yenu yenyewe. Chupa zenyewe, ngazi yenyewe, ile soketi iliyolegea karibu na bomba ambayo kila mtu anaijua. Kozi ya kununua inakuonyesha ukumbi unaong'aa na mtu kavaa kila kitu. Ya kwenu inaonyesha hali halisi, na mtu akiiona anaiamini.

Ila na yenyewe ina matatizo, na mengine ni ya hatari kabisa.

Grupu linajaa. Somo la sindano linazikwa chini ya salamu za asubuhi, picha za harusi na matangazo ya michango. Mgeni aliyeingia jana haoni lililotumwa juzi. Hakuna mpangilio, mtu anaweza kukaa mwaka mzima grupuni akajua kuhusu klorini mara nane na kuhusu ngazi mara sifuri.

La pili, grupu linabeba uongo kwa kasi ileile linayobeba ukweli. Kuna vidio nyingi sana mtandaoni za watu wanamimina dawa nne tano kwenye choo kimoja ili zitoe rangi nzuri na povu, na zinaangaliwa na watu wengi. Mtu akiirusha kwenye grupu lenu la kazi na admini akakaa kimya, umefundisha. Klorini na asidi zinatoa gesi ya klorini, klorini na amonia zinatoa kloramini, zote zinachoma mapafu, na mwenye pumu anaweza asifike mlangoni. Kwahiyo ukichagua njia hii ni lazima kuwe na mtu mwenye jukumu la kusema "hapana, hii isifanyike, na sababu ni hii" dakika hiyohiyo.

La tatu ni simu yenyewe. Mkono una glavu iliyogusa choo, simu inalia, unaitoa, unaibonyeza, jioni unaiweka sikioni na mtoto nyumbani anaichezea. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Alafu kuna kuangalia simu ukishuka ngazi na ndoo. Kanuni iwe moja: somo kabla ya shifti au wakati wa mapumziko, mikono imeoshwa, umekaa. Supavaiza anayetuma voisi katikati ya kazi na kutaka ijibiwe haraka, huyo anatengeneza ajali.

Na la nne, bosi akiwa grupuni watu hawasemi. Ajali iliyokosakosa, yani mtu kateleza akajishika, au mfuko wa taka umemchoma kidogo tu glavu ikatoboka, hizo ndo habari za dhahabu kabisa maana zinakuonyesha ajali ijayo itakuwa wapi. Kwenye grupu lenye meneja hazitajwi. Ukitaka zitajwe, weka fomu ya simu isiyouliza jina, na zikitajwa mtu aone kitu kimerekebishwa, la sivyo mara ya pili hatahangaika.

Kodi za QR nimezipenda kuliko nilivyotarajia. Zilibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa kufuatilia vipuri vya magari, na kazi yake kwetu ni ileile, kitu kinabeba maelezo yake chenyewe. Stika moja kwenye kabati la klorini inafungua vidio ya namna ya kuipima, stika kwenye mashine ya kusugulia sakafu inafungua namna ya kukagua waya. Ila jamani, stika ya QR isisimame peke yake. Yule wa mgahawani asingeskani kitu wakati povu la kijani linapanda. Pembeni ya kodi weka picha kubwa inayoeleweka bila simu: chupa mbili, alama ya kukataza katikati, na mtu anakimbilia mlangoni. Picha ni ya dakika ya hatari, kodi ni ya kabla ya hapo.

Sasa ukiziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa aina ya hatari, picha inabadilika kidogo na hapa ndo watu wanakosea wanaponunua kitu kimoja cha kutibu vyote.

Kwenye kemikali, kozi inakupa kuelewa, masomo mafupi yanakupa kukumbuka, na unazihitaji zote. Ukibanwa ubaki na moja tu, mi nachukua masomo mafupi, kwa sababu mtu asiyeelewa kwanini lakini anakumbuka "hizi mbili hazikutani" atarudi nyumbani salama, ila aliyeelewa Januari akasahau Septemba hana uhakika.

Kwenye sindano na damu ni tofauti. Hapa kuna mfululizo wa hatua na saa inatembea. Mfuko wa taka haukandamizwi kwa mkono wala mguu, unabebwa mbali na mwili, haushikiliwi kwa chini. Ukichomwa unaosha kwa maji na sabuni, hukamui kidonda, unatoa taarifa palepale, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini B ulitakiwa uwe umeshapata kabla. Kwa hili nataka kozi kamili yenye mtu wa kuuliza, kabla mfanyakazi hajagusa mfuko wa kwanza, alafu kadi ndogo mfukoni yenye hatua na namba ya kupiga. Voisi ya sekunde 40 haibebi uzito huu, na aibu ya kusema "nimechomwa" haiondolewi na vidio, inaondolewa na kiongozi anayekaa na watu na kuwaambia kwa mdomo wake kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kusema.

Kuteleza na kuanguka, masomo mafupi yanashinda bila ubishi. Hakuna elimu kubwa pale, kila mtu anajua sakafu yenye maji inateleza. Kinachotakiwa ni kukumbushwa: weka kibao cha tahadhari kabla ya kumwaga maji na sio baada, deki nusu ya korido uache nusu kavu ya kupita, waya wa mashine uwe nyuma yako.

Kunyanyua mizigo na kupanda ngazi? Hapo zote mbili zinashindwa, na nasema hivi nikiwa na mgongo wangu mwenyewe kama shahidi. Mwili unafundishwa kwa mwili. Unaweza kuangalia vidio ya mtu anapinda magoti mara mia, siku ya kunyanyua ndoo la lita 20 unapinda mgongo kama ulivyozoea. Ngazi hivohivo, kushikilia sehemu tatu muda wote, mikono miwili na mguu au miguu miwili na mkono, ni kitu cha kufanya huku mtu anakuangalia na kukusahihisha. Mwaka 2006 Michael Burke na wenzake walichapisha kwenye American Journal of Public Health uchambuzi wa tafiti 95 za mafunzo ya usalama kazini, na walichokuta ni kwamba kadiri mafunzo yanavyomshirikisha mtu, kufanya kwa mikono, kujadili, kusahihishwa, ndivyo anavyojua zaidi na ajali zinavyopungua, kuliko kusikiliza tu au kusoma. Hiyo ni hukumu kwa kozi mbaya za mtandaoni, ila pia ni hukumu kwa semina za ukumbini ambapo mtu mmoja anaongea saa tatu na wengine wanasinzia. Ukumbi sio dawa yenyewe.

Zile njia nyingine kwa haraka. Miwani ya uhalisia pepe ni nzuri kwa mambo usiyoweza kuyafanyia mazoezi kweli, moto, kuvuja kwa kemikali kubwa, ila ni ghali, inawapa baadhi ya watu kizunguzungu, na kwa timu ya watu kumi na tano mi nisingeigusa. Simu za sauti zilizorekodiwa, ambapo hata mwenye kitochi anapigiwa, anasikia somo na kubonyeza 1 au 2 kujibu, hizi zinadharauliwa bure, kama nusu ya timu yako hawana simu janja basi ndo njia yako, usiwalazimishe wakope simu za watoto wao. Tableti moja ya kazini iliyofungwa stoo yenye masomo yaliyoshushwa tayari inafanya kazi vizuri kuliko inavyosikika, apu ya Moodle kwa mfano inaruhusu kushusha somo ukalifungua bila intaneti, na mnaweza kuliangalia watu watano pamoja mkabishana. Mi naona kubishana kule ndo somo lenyewe.

Kabla hujachagua kuna swali la nani analipa, na hapa sitazunguka. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Bando ni gharama. Muda wa jioni nyumbani ni gharama. Mfanyakazi wa usafi mara nyingi ndo anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye jengo zima, kumwambia atumie bando lake kujifunza namna ya kutokufa kazini kwako ni kitu ambacho mi nakikataa kabisa. Na tangu Juni 2022 mazingira salama ya kazi yamewekwa miongoni mwa haki za msingi kazini na shirika hilohilo. Kwahiyo ukilinganisha bei za apu, ongeza na saa za kazi zitakazotumika na bando, ndo ulinganishe. Kozi ya bure inayofanywa usiku kwa pesa ya mfanyakazi sio ya bure, imelipiwa na asiyetakiwa kulipa.

Na usiache mafunzo yafanye kazi isiyo yake. Wataalamu wa usalama wanapanga kinga kwa ngazi tano, kuondoa hatari, kubadilisha na kitu chenye nafuu, kuitenga kwa vifaa, kupanga taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga mwilini. Mafunzo yapo ngazi ya nne. Ukiwa na dawa ya asidi na ya klorini zinakaa rafu moja, kabla ya kulipia kozi yoyote, toa moja stoo, au zitenganishe makabati mawili tofauti, na nunua kipimio kinachopima dawa chenyewe ili mtu asimimine kwa macho. Hiyo pesa itafanya kazi hata siku watu wamechoka, na watu wa usafi huchoka.

Kwahiyo mi ningepanga hivi. Timu mpya, au mahali penye damu na sindano kama hospitali na maabara: kozi kamili kwanza, ndani ya saa za kazi, kwa lugha yao, na mtu wa kuulizwa akiwepo, alafu masomo mafupi yaendelee baada ya hapo mwaka mzima. Timu ya zamani kwenye ofisi au shule, inayoijua kazi ila imezoea njia za mkato: anza na masomo mafupi na stika, kozi iwe ya vipande vya lebo na kupima dawa tu. Timu inayobadilika kila mwezi, watu wa vibarua, hapo stika zenye picha, tableti ya stoo na dakika kumi za kuonyeshana kwa mikono siku ya kwanza, maana kozi hawataimaliza wakiwa bado wapo na grupuni hawatakuwa wamefuatilia.

Alafu baada ya wiki sita usiangalie vyeti wala alama za buluu za waliosoma ujumbe. Nenda stoo mwanzo wa shifti, shika chupa ya dawa ya choo mkono mmoja na klorini mkono mwingine, muombe yule mkimya kuliko wote akuonyeshe anavyoosha choo kilichochafuka sana, hatua kwa hatua, na umuulize povu likianza kupanda na macho yakianza kuwasha anafanya nini. Kama akiweka kila kitu chini akaenda mlangoni huku anawaita wenzake watoke, endelea na ulichochagua. Kama akitafuta dekio, badilisha.